NENO LA MHARIRI: MKUNGA WETU NA SAFARI YA NG'AMBO



Liko swali moja linaloletwa katika ofisi za matawi yetu, kutoka Kisumu mpaka Port Victoria, ambalo halihusu mshahara wa reli, wala saa za kazi bandarini, wala ubaridi wa viwanda vya samaki. Huletwa na baba, mara nyingine na mama, na huulizwa kwa sauti ya chini baada ya mambo mengine kwisha. "Binti yangu amemaliza ukunga. Cheti anacho, liseni anayo, kazi hana. Kuna mtu mjini asema aweza kumpeleka Uingereza. Je, aende?"

Chama hiki si chama cha wauguzi. Wauguzi na wakunga wana chama chao, nacho kimepigana vita vikali. Hatujasahau mgomo wa mwaka 2017, ulioanza mwezi wa Juni na kwisha Novemba, karibu siku 150 bila ya mshahara. Lakini mkunga huyu ni binti wa mwanachama wetu. Karo yake ilitoka katika bahasha ya mshahara wa baba yake, na watoto wetu huzaliwa mikononi mwake. Kwa hiyo asiulize mtu kwa nini gazeti la wafanyakazi linaingia katika wodi ya uzazi.

Tutajibu swali, lakini hatutalijibu kwa neno moja la "aende" au "asiende". Kwanza tutazame nani aliyemfanya msichana huyu aulize.

Wazee wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa katika mwambao huu. Mama akishikwa na uchungu, huitwa nyamrerwa, mama mzee wa kijiji mwenye mikono ya busara na asiye na dawa ya kuzuia damu. Wengi walipona. Wengine tuliwazika. Leo mambo yamegeuka kwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, 62 walizaliwa mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha 89. Huu ni ushindi, na ulikuja baada ya serikali kutangaza tarehe 1 Juni 2013 kwamba akina mama wasilipe ada ya kuzaa katika hospitali za serikali.

Basi fikiri maana yake. Serikali ilipowaambia akina mama njooni, akina mama walikuja. Walikuja kwa bodaboda, walikuja kwa mtumbwi kutoka Mageta na Sumba, usiku, na mawimbi. Lakini amri ya kuja bure haikuleta mikono mipya ya kuwapokea. Wodi iliyokuwa na kina mama wachache sasa imejaa, na mkunga wa zamu ya usiku bado ni yule yule mmoja. Mama wa kitanda cha kwanza anatoka damu, wa pili mtoto amekwama, wa tatu anapiga kelele kwa sababu ndiye mara yake ya kwanza na hakuna wa kumshika mkono. Mtu anayesema ukunga ni kazi nyepesi ya wanawake na alale katika wodi hiyo usiku mmoja tu.

Hapa ndipo jambo linapokuwa la ajabu. Wodi haina watu, na mtu aliyesoma kwa ajili ya wodi hiyo amekaa nyumbani anauza omena pamoja na mama yake. Haiwezekani mtu mgeni kuelewa, lakini sisi twaelewa vizuri. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuajiri watu wa afya imo mikononi mwa serikali za kaunti, 47 kwa hesabu. Vyuo vinatoa wakunga na wauguzi kila mwaka. Kaunti yasema haina fedha za mishahara, kisha yatangaza nafasi chache, na nyingi ya hizo ni za mkataba. Mkataba ukiisha, mtu huyo hurudi mwanzo kana kwamba hakuwahi kufanya kazi.

Kama kuna mwanachama asiyeamini, na atazame watu wa afya walioandikwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote, zaidi ya 7,000 katika nchi nzima. Waliitwa wakati wa ugonjwa wa korona, wakati kila mtu mwingine aliambiwa akae nyumbani. Mwaka 2025 bado walikuwa wanadai waandikwe kazi ya kudumu na walipwe kama wenzao wanaofanya kazi ile ile kitanda kwa kitanda. Walikwenda Nairobi wakapiga kambi nje ya makao ya Wizara ya Afya, wakalala hapo. Msichana wa Port Victoria aliyekuwa darasani wakati huo aliona picha zao katika simu yake. Mnataka afikiri nini?

Basi aliona pia jambo la pili. Mwezi wa Julai mwaka 2021 serikali ya Kenya ilitia sahihi mapatano na serikali ya Uingereza ya kupeleka watu wa afya huko, na ikasemwa wazi kwamba ni kwa faida ya wauguzi wasio na kazi. Twaomba wanachama wasome maneno hayo mara ya pili. Serikali yenyewe ilikiri kwamba ina wauguzi wasio na kazi, na dawa iliyopata si kuwaandika kazi, bali kuwatafutia tajiri mwingine. Kisha Novemba mwaka ule ule, Uingereza ikaiweka Kenya katika orodha yake nyekundu, orodha ya nchi ambazo watu wake wa afya wasishawishiwe kuondoka, na ikafanya hivyo kwa ombi la Kenya. Baadaye Kenya ilitolewa katika orodha hiyo ikawekwa katika ile ya manjano, ambapo waajiri huruhusiwa kutafuta watu kwa njia ya mapatano hayo tu. Mkono mmoja wafungua mlango, mkono mwingine waufunga, na kichwa ni kimoja.

Na matokeo? Mwanzoni mwa mwaka 2022 Waziri wa Afya aliwaambia wananchi kwamba wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza, na waliofaulu ni 10. Nchi nzima ilicheka. Sisi hatukucheka. Watu hawa walisoma masomo yao yote kwa Kiingereza, wakaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza, wakapata liseni kwa mtihani wa Kiingereza. Mtihani wa IELTS ni jambo jingine. Wataka kupata alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kusema, na 6.5 katika kuandika, na wapimwa kwa dakika kama mbio za farasi. Mtu asiyefundishwa namna ya mtihani huo huanguka hata akiwa hodari. Kosa ni la waliowapeleka mbio bila ya kuwafunza, lakini aibu walibebeshwa wauguzi. Mwezi wa Juni mwaka 2022 kundi la kwanza lilipanda ndege, watu wapatao 20 tu. Kwa hiyo yale mapatano makubwa yaliyopigiwa tarumbeta hayakuwa daraja la wasio na kazi. Yalikuwa ubao mwembamba. Na wengi waliokuwa wakingoja ukingoni waliangukia mikononi mwa mawakala.

Kabla ya kufika kwa mawakala, tumtaje mtu mmoja, kwa sababu vijana wanadhani safari hii ilianza jana.

Marehemu Grace Ogot alizaliwa Asembo, hapa hapa mwambaoni, mwaka 1930. Wengi wamjua kwa vitabu vyake na kwa siasa, maana alikuwa Mbunge na Waziri Mdogo. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa muuguzi na mkunga. Alisomea uuguzi Uganda kuanzia mwaka 1949 mpaka 1953, kisha akaenda London, katika hospitali ya akina mama na watoto wachanga. Akiwa huko alifanya kazi pia na redio ya BBC. Mwaka 1958 alirudi, akafanya kazi katika hospitali ya misheni ya Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu.

Twamtaja si kwa kumwambia binti wa leo, "Tazama mwenzako alirudi, nawe urudi." Hiyo ni hotuba rahisi, na wanaoipenda ni watu ambao watoto wao wako ng'ambo tayari. Twamtaja kwa sababu ya tofauti mbili. Ya kwanza, yeye alikwenda kutafuta elimu ambayo serikali ya kikoloni haikuwapa Waafrika nyumbani. Binti wa leo anakwenda akiwa na elimu tayari, iliyolipiwa na baba yake na nchi yake. Ya pili, aliporudi palikuwa na wodi iliyomngoja na kazi ya kufanya. Binti wa leo akirudi baada ya miaka mitano, nani atampa kazi Maseno, au Bondo, au Port Victoria? Ataambiwa asubiri tangazo.

Hata marehemu Tom Mboya wa Rusinga, ambaye kila mwana chama wa nchi hii ni mtoto wake, alianza kama mtu wa afya, mkaguzi wa usafi katika Baraza la Jiji la Nairobi. Mwaka 1959 alipopeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 Amerika, watu wa vijiji walichanga senti zao. Leo bado twachanga. Twafanya harambee ya nauli, twauza ng'ombe, twaweka shamba rehani. Tofauti ni kwamba siku zile tulichanga ili mtu aende akasome arudi, na siku hizi twachanga ili mtu tuliyekwisha kumsomesha aende.

Sasa tuseme na binti mwenyewe.

Dada, jambo la kwanza ambalo wakala hatakuambia ni hili: huenda ukaondoka hapa ukiwa mkunga, ukafika kule si mkunga. Huko Uingereza uuguzi na ukunga ni kazi mbili, zenye sehemu mbili tofauti katika daftari la Baraza lao la Wauguzi na Wakunga. Wewe hapa ulisoma yote pamoja, uuguzi, ukunga na afya ya kijiji, ukapewa cheti kimoja. Wakala atakuandikisha kama muuguzi wa watu wazima, kwa sababu nafasi hizo ni nyingi na kamisheni yake huja upesi. Ukitaka kuitwa mkunga kule, lazima uombe sehemu ya ukunga, ufanye mtihani wa ukunga kwa kompyuta, kisha ufanye mtihani wa vitendo wa ukunga huko huko Uingereza. Mtu akisha kuandikwa muuguzi wa wodi ya wazee, miaka mitatu hupita hajamshika mtoto mchanga hata mmoja. Mikono husahau.

Na si heshima tu inayopotea. Katika hospitali za serikali za Uingereza mishahara imepangwa kwa daraja. Muuguzi mpya na mkunga mpya wote huanzia daraja la 5, ambalo kwa mwaka wa 2025 mpaka 2026 lilianza kwa pauni 31,049 kwa mwaka. Lakini kwa desturi mkunga hupandishwa mpaka daraja la 6 akisha kumaliza muda wake wa kwanza wa kuongozwa, na daraja hilo lilianza kwa pauni 38,682. Muuguzi hufika huko pia, lakini mara nyingi lazima aombe nafasi na kushindana. Kwa hiyo aliyekubali kuandikwa kitu asichokuwa, kwa sababu ya haraka, aweza kupoteza pauni 7,633 kila mwaka. Hiyo ndiyo bei ya haraka ya wakala.

Wengine mtasema pauni 31,049 ni zaidi ya shilingi 400,000 kwa mwezi, kwa nini mkunga alie? Ndugu, hesabu hiyo imefanywa Kisumu, na pesa zinatumika kule. Kabla ya kuzishika hukatwa kodi ya mapato, bima ya taifa na pensheni. Kisha inakuja kodi ya nyumba, na taa, na moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi, na basi. Kinachobaki bado ni kikubwa kuliko cha hapa, hatukatai, na nyumba nyingi za mabati katika mwambao huu zimejengwa kwa pesa hizo. Twasema tu kwamba mtu ajue anahesabu nini. Na ajue kwamba mpaka afaulu mtihani wa vitendo, mara nyingi hulipwa daraja la chini zaidi, na ana muda wa miezi 8 tangu kuanza kazi awe amefaulu.

Kwa upande wa Amerika mambo ni magumu zaidi kwa mkunga. Huko mtu wa kuitwa muuguzi-mkunga sharti awe na shahada ya pili. Wewe utafanya mtihani wa uuguzi, na utakuwa muuguzi. Ujerumani, ambayo ilitia sahihi mapatano ya wafanyakazi na Kenya mwezi wa Septemba mwaka 2024, ukunga nao ni kazi ya peke yake yenye sheria yake, na kwanza lazima ujifunze Kijerumani cha kutosha kuongea na mama aliyeshikwa na uchungu. Nchi za Ghuba, waajiri wengi wataka uwe umefanya kazi miaka miwili tayari. Hapo ndipo binti asiye na kazi anaponaswa: kule wataka aliyefanya kazi, na hapa hakuna wa kumpa kazi ya kwanza.

Basi sasa mawakala.

Ukiambiwa ulipe ili upate kazi Uingereza, simama hapo hapo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 juu ya mawakala wa kazi yakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, na kanuni za serikali yao juu ya watu wa afya zakataza vile vile. Ada za mitihani, za baraza na za daktari ni jambo jingine. Hizo ni za kweli, na tajiri mwema huzirudisha au huzilipa. Lakini shilingi ya "kufungua faili", na "kuharakisha", na "kumwona mkubwa", hiyo ni wizi uliovaa tai. Katika nchi yetu mawakala wa kazi huandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza namba yake. Asiyeandikishwa hana haki hata ya kukupa kikombe cha chai.

Tena iko sheria ambayo wafanyakazi wengi hawaijui, na matajiri hawana haja ya kuwaambia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina sehemu nzima juu ya mikataba ya kazi za nchi za nje. Mkataba kama huo lazima uandikwe katika namna iliyowekwa na sheria, na uthibitishwe na Afisa wa Kazi, ambaye kabla ya kuthibitisha apaswa kuhakikisha kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa, na ameelewa kilichoandikwa. Ofisi ya Kazi iko Kisumu. Tuseme binti amepewa karatasi kumi na mbili jioni ya Ijumaa, na anaambiwa atie sahihi kabla ya Jumatatu au nafasi itakwenda kwa mwingine. Haraka hiyo yenyewe ndiyo alama ya ubaya.

Katika karatasi hizo tafuta sehemu inayosema utalipa nini ukiacha kazi. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yalieleza habari za wauguzi wa kigeni waliotakiwa kulipa maelfu ya pauni walipotaka kuwaacha waajiri wabaya. Serikali yao iliingiza katika kanuni zake kwamba madai kama hayo lazima yawe wazi tangu mwanzo, yawe ya kiasi, na yapungue kwa kadiri mtu anavyoendelea kukaa. Lakini kanuni haimlindi asiyeijua. Mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi bila ya kununua uhuru wake, babu zetu waliojengea reli hii walikuwa na jina lake.

Na jihadhari na wale wanaosema, "Nenda kwanza kama mtunza wazee, ukunga utakuja baadaye." Njia hiyo imefungwa. Tangu Machi mwaka 2024 mtunza wazee aliyepewa viza mpya hakuruhusiwa kwenda na mume wala watoto, na tarehe 22 Julai 2025 Uingereza iliacha kabisa kuchukua watunza wazee wapya kutoka ng'ambo. Anayekuuzia viza ya namna hiyo leo anakuuzia hewa.

Jambo jingine la kufikiri. Mwaka 2025 wakunga wapya wa Uingereza wenyewe, waliozaliwa na kusomea huko, walilalamika kwamba hawapati nafasi, na mwezi wa Agosti serikali yao ikatoa ahadi ya kuwatafutia kazi wauguzi na wakunga wanaomaliza vyuo. Hatuwalaumu, kila nchi yafaa itazame watoto wake kwanza. Twatamani yetu ingefanya hivyo. Lakini mtu anayeuza ng'ombe leo kwa kuamini kwamba London inamlilia binti yake ajue kwamba London ina mabinti wake pia mlangoni.

Sasa jibu letu. Twajua watu wawili watakaochukia. Yuko mzee atakayesema binti anayeondoka ni msaliti wa mama zake. Huyo twamwambia: mfanyakazi ana haki ya kupeleka jasho lake panapolipwa, na hakuna aliyemwita fundi wa reli msaliti alipokwenda Kampala. Na yuko kijana atakayesema chama kinatutia hofu. Huyo twamwambia: asiyekuonyesha shimo si rafiki yako.

Kwa hiyo, binti akiwa na nafasi ya kazi hapa, hata ya mkataba, twamshauri aishike miaka miwili, ajifunze mikono yake, apate barua nzuri, kisha kama bado ataka kwenda, aende akiwa mkunga kamili, ameandikwa mkunga, mkataba wake umesomwa na Afisa wa Kazi, na siku ya kwanza kazini aingie katika chama cha wafanyakazi cha huko. Chama cha wakunga wa Uingereza kina mizizi tangu mwaka 1881. Hakikuundwa kwa mchezo. Na Wakenya waliotangulia wapo, atafute wao kabla ya kutafuta wakala.

Kama hana nafasi hapa, hatuna uso wa kumwambia akae. Hilo ndilo deni la serikali za kaunti, na la chama hiki pia. Tumekuwa tukienda kwa Gavana kudai barabara na mataa ya soko, na hatujawahi kumwuliza ana wakunga wangapi wa zamu ya usiku katika kila zahanati ya mwambao, na wangapi kati yao wameandikwa kazi ya kudumu yenye pensheni. Kuanzia sasa twauliza. Twadai nafasi zote za uzazi zilizo wazi zitangazwe kwa hesabu. Twadai mkunga wa mkataba asiachwe mkataba wake uishe wakati kitanda chake kina mgonjwa. Na twadai kwamba mapatano yoyote mengine ya kupeleka watu wetu ng'ambo yasitiwe sahihi mpaka vyama vya wafanyakazi vimeyasoma, na yaseme mtu akirudi atapokewa na kazi gani.

Makatibu wa matawi ya Kisumu, Usenge na Port Victoria wanaombwa kukusanya hesabu hiyo ya wakunga, zahanati kwa zahanati, wakiwauliza wakunga wenyewe na si ofisi. Na mwanachama yeyote ambaye binti yake, au mke wake, amepewa karatasi ya kazi ya ng'ambo, ailete ofisini kabla haijatiwa sahihi. Tutaisoma pamoja naye, mstari kwa mstari, na kama kuna jambo lisiloeleweka tutaipeleka kwa Afisa wa Kazi. Halipishwi mtu kitu.